Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu Uganda: mwalimu wa sayansi afunzwe kusimama na wanaodhulumiwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo,
Kwa Mkurugenzi wa Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala, NCDC,
Kwa wakuu wa Taasisi ya Taifa ya Elimu ya Ualimu, UNITE,
Na kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Baraza la Mitihani, UNEB.

Waheshimiwa,

Poleni na kazi. Mimi ni mwalimu wa kemia na biolojia katika shule ya sekondari huku Busia, upande wetu wa mpaka. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachokitumia sokoni, kwenye maegesho ya malori, na hata katika chumba cha walimu wanapokutana Msamia, Mteso na Mgwe. Nina ombi moja, na yote yatakayofuata yanatoka humo. Mnapowafunza walimu wa sayansi wa nchi hii, wale walio vyuoni na sisi tulio kazini, mtufunze pia namna ya kuitumia sayansi kumtetea mtu anayedhulumiwa kwa sababu hajui, au kwa sababu wanaojua wamenyamaza.

Nianze na somo ambalo kila mwalimu wa biolojia amelifundisha mpaka amelikariri. Mama hutoa kromosomu ya X tu. Baba hutoa X au Y. Kwa hiyo mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Mwanafunzi anachora jedwali lake, anapata nusu kwa nusu, anapewa alama zote. Jioni anarudi kijijini, na huko jirani amemrudisha mke kwao kwa kosa la kuzaa wasichana watupu, na wazee wamekaa chini ya mwembe wanajadili ng'ombe wa mahari warudishwe wangapi. Mwanafunzi yule anapita, anasalimia, anaingia ndani kula. Hajaona kwamba alichokiandika kwenye daftari asubuhi ndicho kinachojadiliwa pale nje.

Safari moja msichana wa kidato cha nne alibaki darasani baada ya kengele. Akaniuliza, "Mwalimu, nikimwonyesha baba mkubwa daftari hili, atakubali?" Biolojia yake aliijua barabara. Alichokuwa akiniuliza ni jinsi ya kuusema ukweli huo mbele ya mzee bila kuonekana hana adabu, na bila kumwongezea matatizo mama aliyekuwa akimtetea. Chuoni nilifundishwa kuandaa azimio la kazi, andalio la somo na vifaa vya kufundishia. Swali la namna ile halikuwa na mahali pake katika yote hayo.

Tuliishia kwenye mkutano wa wazazi, tukamwalika mkunga wa kituo cha afya. Wanafunzi walileta mifuko miwili ya kitambaa. Wa mama ulikuwa na maharagwe meupe tu. Wa baba ulikuwa na meupe na mekundu. Meupe kwa meupe, msichana; jeupe kwa jekundu, mvulana. Wazee wakaitwa wachote wenyewe bila kutazama, kila harage likirudishwa mfukoni kabla ya kuchota tena. Mzee mmoja alichota jeupe mfululizo kutoka kwenye mfuko wa baba, akachota tena, jeupe tena, akasema mfuko huu una hila. Mwanafunzi hakubishana naye. Alimwaga maharagwe yote mezani, akamwomba ayahesabu. Mekundu na meupe yalikuwa sawasawa. Mzee akayarudisha mfukoni mwenyewe, akaanza upya. Wanaume wakaanza kuulizana wao kwa wao, na mkunga akapata nafasi ya kusema mambo ambayo kwa miaka alikuwa akiyasema kwa wanawake peke yao.

Somo lile lilikuwa sahihi kisayansi, lakini usahihi peke yake usingetosha. Ilibidi tujue nani aalikwe, nani aanze kuzungumza, na jinsi ya kutomtaja wala kumwaibisha mtu yeyote wa kijiji kile. Ilibidi mtoto ajifunze kumjibu mzee kwa ushahidi na heshima kwa pamoja. Huo ni ustadi, na ustadi hufundishwa. Leo nchini mwetu anaupata mwalimu mwenye bahati, kwa kubahatisha.

Sasa niwapeleke Tiira, kwenye machimbo yetu ya dhahabu.

Mawe yakitoka shimoni hupondwa, husagwa kwa mashine, na unga wake huoshwa kwa maji juu ya mbao zilizotandikwa magunia ili chembe nzito zinase. Kinachobaki huwekwa kwenye karai. Hapo mama, maana mara nyingi ni mama, hupiga magoti, humimina zebaki kidogo kutoka kwenye kichupa na kuanza kukoroga kwa mkono mtupu. Zebaki huikamata dhahabu. Mchanganyiko huo huminywa kwenye kitambaa mpaka kibaki kidonge cha rangi ya fedha, kisha kidonge huwekwa juu ya kipande cha bati kwenye jiko la mkaa. Zebaki inaruka na dhahabu inabaki. Mtoto yuko mgongoni, uso wake kwenye moshi uleule.

Waheshimiwa, kila kitu kinachohitajika ili kulielewa tukio hilo tayari kimo katika kemia ya sekondari. Zebaki ndiyo metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida. Huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, lakini hutoa mvuke hata ikiwa imekaa tu kwenye beseni. Mvuke huo ukivutwa huingia damuni na kuushambulia mfumo wa fahamu, na wanaoumia zaidi ni watoto na mimba. Inayomwagika mtoni, bakteria wa kwenye matope huigeuza kuwa aina mbaya zaidi, nayo huingia kwa samaki wadogo, kisha wakubwa, kisha mezani. Dunia ilijifunza hayo Minamata, Japani, ugonjwa ulipotambuliwa mwaka 1956, na mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti zebaki umepewa jina la mji huo. Uganda iliuridhia mwaka 2019. Mtoto wa Tiira anaweza kuandika alama ya zebaki, Hg, akapata alama zake mbili, na mama yake akaendelea kuikoroga kwa mkono.

Mwalimu aliyefunzwa vizuri angefanyaje? Kwanza asingeleta zebaki darasani, hata tone. Angechemsha maji yenye rangi kwenye kopo lililozibwa, mvuke upite kwenye mrija unaopozwa kwa kitambaa kibichi, na wanafunzi waone maji yakirudi upande wa pili. Kisha angewaonyesha kwamba retoti, kile chombo cha chuma kinachonasa mvuke wa zebaki ili urudi kuwa kimiminika, hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Angewaeleza kwamba wako wachimbaji wanaoyeyusha dhahabu kwa unga wa boraksi bila zebaki kabisa. Halafu, na hapa ndipo wengi wetu tunaposimama, angewauliza: nani anaiuza zebaki hii, na anamwambia nini mnunuzi? Kwa nini kazi ya kukoroga na kuchoma inawaangukia wanawake? Anayenunua dhahabu anaishi wapi, naye anavuta hewa gani?

Kuna na mizani. Mchimbaji mdogo hupimiwa dhahabu yake na mnunuzi, kwa mizani ya mnunuzi, na hana njia ya kubisha. Lakini mililita 5 za maji safi zina uzito wa gramu 5. Bomba la sindano lisilo na sindano, linalouzwa katika duka lolote la dawa, na kifuniko cha chupa kilichopimwa kwanza kikiwa kitupu, vinatosha kumwambia kijana kama mizani inasema kweli. Hiyo ni fizikia ya kidato cha kwanza. Mama mwenye mtoto aliyefundishwa hivyo anaweza kuomba kwa upole mizani ijaribiwe kabla ya yake kupimwa. Najua mashimo ambako ombi dogo kama hilo lingebadilisha bei ya siku nzima.

Nitaje na mahindi, kwa kifupi. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni. Katikati hapo malori yalisimama hapa kwetu, wafanyabiashara wadogo wakala hasara, na mitaani watu wakasema Wakenya wanatuonea wivu. Huenda biashara na siasa zilikuwa na sehemu yake. Lakini kuvu yule yupo, huota kwenye mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa na unyevu, na sumu yake huharibu ini la mlaji, awe Mkenya au Mganda. Mahindi yasiyopita mpakani yalirudi kuliwa na nani? Jaribio lake halihitaji maabara: chupa kavu, chumvi kavu, mahindi, tikisa, subiri. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi mno kuwekwa ghalani. Kila shule ya bweni nchini inapika posho, yaani ugali wa mahindi, kila siku. Ni wanafunzi wangapi wamewahi kuruhusiwa kulipima gunia la jikoni kwao?

Nimekaa kwenye mifano ya huku kwa sababu ndiko niliko. Mwenzangu wa Kamwenge angewaeleza habari za mwaka 2015, watu waliovimba miguu walipochunguzwa na ikaonekana chanzo ni udongo unaopenya ngozi ya mkulima asiye na viatu. Ugonjwa hauambukizi, lakini waliougua walitengwa kama waliolaaniwa. Mwenzangu wa Kampala angewapeleka kwenye mfereji wa Nakivubo, unaobeba uchafu wa jiji hadi ghuba ya Murchison, na mtambo wa Ggaba unachota humo humo maji ya kunywa ya jiji hilo. Na kila mwalimu wa biolojia kutoka Busoga hadi Lango ana darasani watoto wenye ndugu wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Uchunguzi wa nchi nzima wa miaka 2014 na 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya watoto wachanga 13 kati ya 100 wamebeba jeni hiyo, na bado mtoto akiugua lawama humwangukia mama, ingawa ili mtoto apate ugonjwa wenyewe ni lazima arithi kutoka kwa wazazi wote wawili.

Kwa hiyo nasema hivi kuhusu mafunzo.

Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 imetaka kila mwalimu awe na shahada, na vyuo vya Kabale, Kaliro, Mubende, Muni na Unyama viko sasa chini ya UNITE. Hii ni nafasi ambayo haitarudi upesi. Mwalimu-mwanafunzi atakaa chuoni miaka zaidi kuliko tuliyokaa wengi wetu. Miaka hiyo ikijazwa nadharia ileile kwa urefu zaidi, tutapata walimu wenye vyeti vikubwa na woga uleule. Ninaomba kila anayesomea ualimu wa sayansi, kabla ya kupewa shahada, afanye uchunguzi mmoja pamoja na watu wa eneo analofanyia mazoezi ya kufundisha. Swali litoke kwao: kisima, jiko la shule, mizani, hewa ya kiwanda cha jirani, dawa ya kuulia wadudu inayouzwa kwenye chupa za soda. Apime, akosolewe, apime tena. Kisha awarudishie majibu kwa lugha yao, ana kwa ana, mbele ya msimamizi wake. Na alama za kazi hiyo ziwe nzito sawa na za somo analosimamiwa darasani, la sivyo itafanywa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Msisitizo wangu uko kwenye kuwarudishia majibu. Huku kwetu tumezoea watafiti wanaokuja na madodoso, wanachukua maji, nywele na mkojo wa watu, wanaondoka. Kijiji hakisikii tena. Mwalimu akijifunza mapema kwamba utafiti haujaisha mpaka aliyetoa sampuli amepata jibu lake, hatakuja kuwafanyia wanafunzi wake dhuluma hiyo, wala wao hawatawafanyia wengine.

Kwa sisi tulio kazini, SESEMAT, mpango wa mafunzo kazini kwa walimu wa sayansi na hisabati, ipo tangu 2005, ilipoanzishwa kwa ushirikiano na Japani. Nimefaidika nayo na nashukuru. Ilitufundisha kutengeneza vifaa kwa makopo na chupa, na kumwacha mtoto atende badala ya kumsomea. Ila mara nyingi tulimaliza jaribio, likatoka vizuri, tukapiga makofi, tukafunga mabegi. Ongezeni hatua moja: jaribio hili linamhusu nani nje ya lango la shule? Na mafunzo yafanyike mashuleni, kwa makundi ya shule za jirani, mwalimu wa Tiira akiwa na wa Lumino na wa Majanji. Niliwahi kukaa katika warsha moja hotelini kuhusu mazingira ambako hatukutoka nje hata mara moja, na nje ya ukuta wa hoteli hiyo kulikuwa na mtaro wa maji meusi unaopita nyuma ya nyumba za watu. Tungejifunza zaidi kwa ndoo moja ya maji yale.

Lipo jambo la ndani ya maabara ambalo mafunzo yetu hayaligusi kabisa. Wekeni kundi la wanafunzi sita na bureti moja, ule mrija wa kioo wa kupimia kimiminika, kisha tazameni. Mvulana ataishika. Msichana ataandika vipimo kwa mwandiko mzuri na atasifiwa kwa usafi wa daftari. Mtoto wa shule isiyo na maabara ataigusa bureti mara ya kwanza siku ya mtihani, mikono ikitetemeka. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 za kuingilia chuo mwaka 1990, na naiunga mkono hatua hiyo, lakini pointi hizo humfikia msichana akiwa ameshapita miaka sita ya kushikiwa bureti na wenzake. Mwalimu afunzwe kuliona jambo hili kwa macho yake: ahesabu nani ameuliza, nani ameshika, nani amejibu, nani hakusogea. Afunzwe afanye nini na mtoto asiyeona anapofika kwenye jaribio la kubadilika kwa rangi. Haki ikikosekana kwenye meza ya maabara, tusijidanganye kwamba tutaipeleka kijijini.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulizinduliwa Februari 2020, na Machi mwaka huohuo shule zikafungwa. Zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022. Mafunzo ya walimu kuhusu mtaala yalikatika hapo katikati, na wengi tulijifundishia kwa kuulizana kwenye makundi ya WhatsApp. Mtaala wenyewe naupenda. Unataja haki na usawa miongoni mwa maadili yake, unataka mwanafunzi atatue matatizo halisi, na asilimia 20 ya alama zinatoka kwenye kazi anazofanya shuleni. Lakini tazameni kazi zinazofanyika. Katika shule nyingi ninazozijua ni sabuni ya maji, mishumaa, makaa ya majani. Si mbaya, mtoto anajifunza kuuza kitu. Ila mwalimu huichagua sabuni kwa kuwa ni salama: ina fomula, ina picha, haimkasirishi mtu. UNEB na NCDC mkiweka katika vigezo vya kusahihisha maswali mawili tu, kwamba kazi hii ilianzia kwenye shida ya nani, na waliohusika waliambiwa nini mwishoni, mtaona mabadiliko mapema kuliko kwa miongozo kumi. Mwalimu wa Uganda husoma kwanza kile kinachopewa alama.

Sasa mshahara, maana najua mtauliza. Mwaka 2022 Serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa sanaa waligoma. Chumba chetu cha walimu kiligawanyika, na hakijapona kabisa. Mwenzangu wa historia aliniuliza mbele ya watu: sayansi yenu hiyo inayolipwa zaidi, imemsaidia nani hapa Busia? Swali lake ni la haki na sikulichukia. Mimi naamini walimu wote wanastahili kulipwa vizuri, naye apandishiwe. Lakini pia naamini kwamba fedha zile zilitolewa kwa jina la maendeleo ya taifa, na mwanakijiji anayelipa kodi kwenye sukari na mafuta ya taa ana haki ya kuona sayansi hiyo ikifika kwake. Isitoshe, kazi ninayoiombea haiwezekani bila yule mwalimu wa historia. Yeye ndiye anayejua ardhi ile ya machimbo ilikuwa ya nani na ilitokaje mikononi mwao. Mwalimu wa dini anajua namna ya kuzungumza na wazee. Wa jiografia anajua mto unaelekea wapi. Wafunzwe pamoja nasi, kwenye mradi mmoja, na posho ya mafunzo iwe sawa kwa wote.

Watakuwepo watakaosema huku ni kuingiza siasa shuleni. Naelewa hofu hiyo. Sitaki mwanafunzi wangu afundishwe chama cha kupigia kura, wala abebe bango asilolielewa. Nataka ajue kupima, ajue kutofautisha alichokipima na anachokidhani, na awe na ujasiri wa kusema cha kwanza na unyenyekevu wa kunyamazia cha pili. Akipima maji akayakuta salama, aseme ni salama, hata kama kijiji kizima kinamtaka aseme kiwanda kimeyachafua. Haki isiyokubali kupimwa ni uvumi tu, na uvumi huwaumiza wanyonge kwanza.

La mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalonifanya niiandike barua hii hadharani. Mwalimu mmoja wa fizikia, ninayemfahamu, aliwapeleka wanafunzi wake kujaribu mizani za wanunuzi katika soko moja. Walifanya kwa adabu, waliomba ruhusa, waliandika vipimo. Mizani kadhaa zilikutwa zinapunja. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameitwa ofisini, akaambiwa ajishughulishe na silabasi, na muhula uliofuata alihamishwa. Hakuna barua iliyotaja mizani. Hakuna haja ya kutaja; walimu wote wa eneo lile walielewa. Tangu hapo, ukiwaambia wakapime kitu nje ya shule, wanakutazama tu.

Hakuna mafunzo yatakayoshinda hofu hiyo yakiwa peke yake. Kwa hiyo naomba waraka wa Wizara, wenye muhuri, useme wazi kwamba uchunguzi wa kisayansi unaofanywa na wanafunzi katika jamii ni sehemu ya ufundishaji. Kwamba mwalimu aliyefuata utaratibu hatahamishwa wala kuonywa kwa sababu ya matokeo. Na kwamba matokeo yanayogusa afya ya watu yapelekwe kwa afisa wa afya wa wilaya na kujibiwa kwa maandishi ndani ya muda unaojulikana. Wakaguzi wa elimu wafunzwe kwanza, kabla yetu, ili wakija shuleni na kutukuta tuko kisimani wasituandike kuwa tumetoroka darasa. Na uwekwe utaratibu wa usalama wa watoto: nani anaweza kwenda wapi, nini kisiguswe, mzazi atie sahihi wapi. Mwalimu akiwa na karatasi hiyo mkononi ataweza kumwambia mwenye mashine ya kusaga, au mwenye kiwanda, au diwani, kwamba yuko kazini.

Gharama ya haya si kubwa. Maharagwe, chupa, chumvi, mabomba ya sindano, nauli ya mkunga, karatasi ya waraka. Kilicho ghali ni uamuzi wa kwamba mtoto wa mchimba dhahabu anasoma kemia kwa ajili ya maisha ya nyumbani kwao pia, na uamuzi huo uko mezani kwenu, si kwangu.

Mkipenda kunijibu, tafadhali jibuni kwa waraka unaokwenda shule zote. Simu kwa mwalimu mkuu wangu haitamsaidia mwalimu wa Kaliro wala wa Unyama.

Wenu katika ualimu,

Mwalimu wa kemia na biolojia,
Busia, Uganda

Nakala: Kamati ya Bunge ya Elimu na Michezo, Afisa Elimu wa Wilaya, vyama vya walimu, wazazi wa shule yetu.